Akili mnemba kwenye ofisi ya wakili Arusha na Moshi: ya kulipia na ya kuacha

Jalada la rufani ya ardhi kutoka Moshi Vijijini huja hivi: hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba ya kurasa 14, mwenendo wa shauri wa kurasa 160 ambao robo yake umeskaniwa ukiwa umelala upande, vielelezo 9 vyenye mihuri iliyofifia, na mteja aliyeshuka kutoka Kibosho asubuhi anayetaka kujua kabla ya gari la jioni kama kuna cha kukatia rufani. Tathmini hii inazipima programu za akili mnemba kwa kazi ya namna hiyo. Kampuni kubwa za mawakili za London na New York zina maktaba za kulipia na idara nzima za teknolojia. Ofisi ya mawakili wawili na karani mmoja, yenye printa moja na bando la mwezi, ina mahitaji yake.

Programu zenyewe ni za mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile za mazungumzo, zinazojibu swali lolote kutokana na zilichofundishwa na zinachokiokota mtandaoni: ChatGPT, Gemini, Claude na nyingine za aina hiyo. Fungu la pili hujibu kutokana na nyaraka ulizozipakia wewe, na hukuonyesha mahali zilikolitoa jibu; inayojulikana zaidi ni NotebookLM ya Google. Pembeni ya zote ipo TanzLII, tovuti ya bure ya hukumu na sheria inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania. Hiyo si akili mnemba, lakini ndiyo mizani ya kuzipimia hizo nyingine. Uamuzi tunautoa mapema: fungu la pili lisome majalada yako kila siku, fungu la kwanza likusaidie lugha na mpangilio, na sheria yenyewe usiichukue kwa lolote kati yao kabla hujaifungua TanzLII.

Kusoma jalada

Hapa ndipo muda unaporudi, na ndipo tutakapokaa zaidi. NotebookLM kwa kiwango cha bure inapokea nyaraka 50 kwenye daftari moja, kila moja isizidi MB 200 au maneno 500,000. Jalada la kawaida la ardhi linaingia lote na nafasi inabaki. Tatizo si ukubwa, ni maandalizi. Anayepakia PDF moja ya kurasa 160 kama ilivyotoka kwa karani wa baraza atapata majibu yanayosomeka vizuri lakini yenye mashimo, na mashimo hayo hayataonekana.

Skani kwa dpi 300, kurasa zote zikiwa wima. Skana ya simu inatosha endapo mwanga unatoka pande mbili. Kivuli cha mkono juu ya mwandiko wa kalamu hufuta mistari mizima. Halafu ligawe jalada: hati ya madai na majibu yake peke yake, kila shahidi peke yake, vielelezo peke yake, hukumu peke yake. Jina la faili libebe namba ya ukurasa wa kumbukumbu za baraza, kwa mfano SM2_uk41-58, yaani shahidi wa pili wa mdai, ukurasa wa 41 hadi wa 58. Programu hutaja kurasa kwa hesabu ya faili yake, na wakili anahitaji ukurasa ule atakaoutaja mbele ya Jaji. Usipofanya hivyo, utatumia saa nzima kutafuta ukurasa wa 7 wa faili ya tatu ni ukurasa wa ngapi wa mwenendo, na muda wote uliookoa unaishia hapo.

Kuhusu maswali. Ukiuliza "je, tuna rufani nzuri?" utapata insha. Uliza hivi: "Orodhesha kila mahali ambapo shahidi yeyote ametaja mpaka, mfongo au masale. Toa jina la shahidi, namba ya ukurasa na maneno yake kama yalivyoandikwa." Jibu la swali kama hilo hukupa jedwali la ushahidi wa mpaka ambalo mtu huliandaa kwa siku moja na nusu akiwa na kalamu ya rangi. Baada ya hapo uliza migongano: shahidi gani alisema masale yalipandwa na babu, na gani alisema yalipandwa baada ya ugomvi. Mpaka wa kihamba huamuliwa kwa vitu kama hivyo, na vimetawanyika kwenye mahojiano ya mashahidi sita.

Maneno ya kienyeji yapewe maana kabla ya kazi kuanza. Tengeneza waraka wa ukurasa mmoja na uupakie pamoja na jalada: kihamba ni shamba la ukoo lenye makazi, mfongo ni mfereji wa maji wa asili, masale ni mimea ya kuonyesha mpaka. Maneno 20 hadi 30 yanatosha. Bila waraka huo, "sale" lililo kwenye ushahidi linaweza kugeuka mauzo pale unapoomba muhtasari wa Kiingereza, na mgogoro wa mpaka ukageuka mgogoro wa kuuziana shamba. Kosa hilo ukilikuta kwenye sentensi moja, rudia kazi yote. Huwezi kujua limepenya wapi kwingine.

Swali la pili kwa thamani ni la utaratibu. Kwa mashauri yaliyosikilizwa na wazee wa baraza, uliza: "Ni ukurasa upi unaoonyesha maoni ya wazee wa baraza yakisomwa mbele ya wadaawa kabla ya hukumu?" Mahakama ya Rufani imefuta mienendo mingi kwa sababu maoni hayo hayakuwemo kwenye kumbukumbu, au yalionekana ndani ya hukumu tu bila kuonyeshwa yalisomwa lini. Uliza pia kama wazee walioanza ndio waliomaliza, na kama mwenyekiti alibadilika katikati na sababu ikaandikwa. Programu huzijibu hoja hizi kwa dakika mbili. Ila ikijibu "haipo", usiandike sababu ya rufani papo hapo. Uliza kwanza ni kurasa zipi ilishindwa kuzisoma, kisha zifungue mwenyewe. Mara nyingi "haipo" ina maana ya ukurasa uliolala upande.

Mwandiko wa mkono ni hatari ya peke yake. Mashine haiachi pengo, hulijaza. Ikikuta neno lisilosomeka huweka lile linaloelekea kufaa mahali hapo, na neno hilo husomeka sawasawa kiasi kwamba jicho halishtuki. Ekari 1.5 huwa ekari 15. Mwaka 1971 huwa 1977. Majina ya ukoo hubadilika herufi, na mtu mmoja akawa wawili. Kwenye maelekezo yako andika wazi: "Neno lisilosomeka liandike HAISOMEKI, usikisie." Hilo hupunguza tatizo, haliliondoi. Kila tarehe, kila kipimo na kila kiasi cha fedha kisomwe na mtu kutoka kwenye karatasi yenyewe.

Kwa ofisi za Arusha zenye wateja wa utalii, kazi inayofanana na hiyo ni mazungumzo ya WhatsApp. Mgeni amelipa amana ya safari, ameahirisha mara mbili, na mkataba wote umo kwenye meseji 900. Hamisha mazungumzo bila picha, upate faili ya maandishi, kisha uombe mfuatano wa ahadi na malipo kwa tarehe. Hapa angalia mpangilio wa tarehe: simu iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani huanza na mwezi, hivyo 03/04 ni tarehe 4 Machi, na kwa simu ya Kitanzania ni 3 Aprili. Programu haiwezi kujua mpaka uiambie. Na muhtasari huo ni wa kukuongoza wewe tu. Kielelezo kitakachopokelewa mahakamani ni mazungumzo yenyewe, yakiambatana na ushahidi wa namna yalivyotunzwa na kuchapishwa, jambo ambalo mahakama hulipima chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015.

Kuuliza sheria

Programu za mazungumzo zinaandika hoja kwa Kiingereza safi cha mahakama, na usafi huo ndio unaoponza. Mwaka 2023 mahakama ya New York, kwenye shauri la Mata dhidi ya Avianca, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Afrika Kusini, Pietermaritzburg, ilikagua mashauri 9 yaliyotajwa na mawakili ikakuta ni 2 tu yaliyokuwepo. Hata programu za kulipia zilizotengenezwa mahsusi kwa wanasheria hazijapona: watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima mwaka 2024 wakakuta zinabuni kati ya asilimia 17 na 33 ya majibu.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ya namna tunavyonukuu. Kwa miaka mingi mawakili wa Tanzania wamezoea kutaja hukumu kwa namba, mwaka, kituo na neno "haijaripotiwa", yaani haimo kwenye vitabu vya hukumu. Rufani ya Madai namba fulani ya mwaka fulani, Mahakama ya Rufani, Arusha, haijaripotiwa. Muundo huo ni mwepesi mno kwa mashine inayofanya kazi ya kukisia neno linalofuata. Inaweza kutunga elfu moja kwa dakika na zote zikaonekana za kweli, tena hakimu wa wilayani hana kitabu cha kuzitafuta humo.

Uongo wenyewe huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni shauri lisilokuwepo kabisa. Hili hukamatwa kwa utafutaji mmoja. Ya pili ni namba ya kweli yenye majina ya uongo, au majina ya kweli yenye namba ya shauri jingine. Ya tatu ndiyo inayowaangusha hata wazoefu: shauri lipo, majina sawa, mwaka sawa, lakini hukumu ilisema kinyume cha kile ulichoambiwa. Hii haikamatwi kwa kuona jina TanzLII. Ni lazima ufungue, usome aya yenyewe, na uangalie kama hukumu hiyo haijapinduliwa.

Zipo mamlaka ambazo programu huzitaja vizuri, kwa sababu zimenukuliwa mara nyingi mno. Vigezo vya kuongezewa muda katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, lililoamuliwa hapa Arusha mwaka 2011, utavipata vyote vinne: kueleza siku zote za ucheleweshaji, kuchelewa kusiwe kupita kiasi, bidii badala ya uzembe, na sababu nyingine nzito kama kasoro ya kisheria kwenye uamuzi unaopingwa. Mukisa Biscuit ya 1969 kuhusu pingamizi la awali nayo utaipata. Usahihi huo kwenye mambo yanayojulikana humfanya mtu aamini na kwenye yasiyojulikana. Usiipime programu kwa Lyamuya. Ipime kwa hukumu ya mwaka jana ya kituo chako.

Wakati ni adui mwingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2023, ruhusa ya Mahakama Kuu haihitajiki tena kwa rufani nyingi za madai kwenda Mahakama ya Rufani. Programu iliyolishwa maandiko ya zamani itakuandalia maombi ya ruhusa yenye kurasa nane. Mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi mwaka 2021, yakabaki na usuluhishi. Bado utaambiwa ufungue shauri huko. Na Toleo la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu la 2023, lililoanza kutumika 1 Julai 2025, limebadilisha namba za vifungu vingi. Programu itakutajia namba ya toleo la 2019 au hata la 2002 bila kusema ni toleo gani. Kanuni ya ofisi iwe hii: namba ya kifungu haitoki kwenye mashine. Mashine itaje maudhui, namba itafutwe na mtu.

Kenya nayo huingia kimyakimya. Swali la mgogoro wa ardhi lililoandikwa kwa Kiingereza bila kutaja Tanzania mara kwa mara hujibiwa kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kenya. Wakati mwingine jibu linaangukia sawa, kwa kuwa ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12 kote kuwili, na hapo ndipo mtu husahau kukagua shehena ya sheria nyingine iliyokuja na jibu hilo. Andika "Tanzania Bara" kwenye kila swali, si kwenye la kwanza tu.

Kwa wanaofanya kazi Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa Arusha, kuna mtego mmoja wa kuandika kwa wino mwekundu. Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa au tangu alipokijua, na mahakama hiyo imeshikilia kwamba haina mamlaka ya kuongeza muda. Programu iliyozoea Sheria yetu ya Ukomo itakushauri uombe kuongezewa. Hakuna maombi ya namna hiyo.

Kuhesabu siku

Programu hizi hazifai kuhesabu siku, na wakili asiziachie kamwe. Mfano: baraza la Moshi limetoa hukumu Ijumaa 14 Machi 2025. Rufani ya Mahakama Kuu ni siku 45. Siku ya hukumu haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni tarehe 15. Machi inatoa siku 17, zinabaki 28, na siku ya mwisho ni Jumatatu 28 Aprili. Programu inayohesabu siku ya hukumu itasema Jumapili tarehe 27. Inayogeuza 45 kuwa mwezi mmoja na nusu itasema tarehe 29, na hapo rufani imekufa kwa siku moja. Tumia kalenda ya ukutani na vidole. Mgogoro wa kuachishwa kazi unaopelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi una siku 30 tu. Wafanyakazi wa hoteli na kampuni za utalii huja ofisini siku ya 26 au ya 27 wakiwa wamesoma mtandaoni kwamba wana 60, ambazo ni za migogoro mingine. Tarehe ya mwisho iandikwe juu ya jalada kwa kalamu siku hiyohiyo, na iwe imehesabiwa na watu wawili.

Kuhusu kusajili kwa mtandao, kanuni za mwaka 2018 zinaruhusu hati iwasilishwe kabla ya saa sita usiku. Hilo lisikufanye usubiri. Lipa namba ya malipo siku hiyohiyo; ubishi kuhusu shauri lililopakiwa jana na kulipiwa leo umekwisha kuzaa mapingamizi mengi.

Kiswahili cha mahakama

Tangu mwaka 2021 lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili, ingawa hukumu nyingi za mahakama za juu bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Kwa mteja wa Marangu au Usa River, kusomewa muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili wa hukumu yake mwenyewe ni haki ambayo kwa muda mrefu aliipata kwa mdomo tu, na kwa haraka, koridoni. Kwa kazi hii programu za mazungumzo zinastahili alama za juu. Sarufi ni nzuri na maelezo yanaeleweka.

Istilahi ndizo zinazohitaji mkono wa mtu. Mdaiwa wa shauri la madai huitwa mshtakiwa, na mzee wa watu akarudi nyumbani akidhani amefunguliwa jinai. Mdaawa, yaani mhusika wa shauri (party kwa Kiingereza), hugeuka chama. Kukaza hukumu huwa kutekeleza, jambo linalovumilika, au huwa kunyonga, jambo lisilovumilika kabisa. Utakutana na korti na mlalamishi, Kiswahili kizuri cha Nairobi kisichotumika kwenye mahakama zetu. Dawa ni ileile ya masale: waraka wa istilahi. Chukua hukumu tatu za Kiswahili kutoka TanzLII, zipakie, useme "tumia istilahi za hukumu hizi tu". Tofauti inaonekana kuanzia aya ya kwanza.

Mahakama ya Tanzania yenyewe imekwisha kuanza kutumia mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri mwenendo, uliotengenezwa na kampuni ya Almawave ya Italia. Kadiri mfumo huo utakavyoenea, nakala ya mwenendo itakuja ikiwa imechapwa, na shida ya mwandiko tuliyoieleza itapungua. Itazaliwa nyingine: shahidi mwenye lafudhi ya Kimachame au ya Kimeru anayechanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani. Wakili asikilize ushahidi unapopitiwa na aombe marekebisho hapohapo, kabla shahidi hajatoka kizimbani. Kusahihisha kumbukumbu kwenye rufani ni kazi ngumu mno.

Siri ya mteja na bei

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inagusa pia kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi. Kupakia jalada kwenye programu hizi ni kulipeleka nje. Kabla ya kupakia, badilisha majina yawe Mdai na Mdaiwa wa 1, ondoa namba za simu, namba za kiwanja na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA). Zile tarakimu 20 za NIDA zinaanza na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, hivyo hata nusu yake ni siri. Kupaka kisanduku cheusi juu ya PDF hakutoshi, maandishi yanabaki chini na programu inayasoma. Futa kwenye maandishi yenyewe au ziba kwenye karatasi kisha skani upya. Kwenye mipangilio zima ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kufundishia programu. Kwa mashauri ya ubakaji, ya watoto na ya ndoa, sisi tunasema usipakie kabisa.

Bei ni jambo dogo. NotebookLM na programu zote za mazungumzo zina kiwango cha bure. ChatGPT Plus na Claude Pro ni dola 20 kwa mwezi kila moja. Ofisi ya mawakili wawili inahitaji moja tu ya kulipia, na mwezi wa kwanza ifanye kazi bila kulipia chochote ili ijue inachokosa. Kiswahili humaliza kikomo cha matumizi haraka kuliko Kiingereza, kwa kuwa maneno yetu hukatwakatwa vipande vingi zaidi ndani ya mashine.

Steshenari za jirani na mahakama

Mabadiliko makubwa yapo nje ya ofisi. Steshenari zilizo karibu na mahakama, Arusha na Moshi, zilikuwa zikichapa alichoandika mteja. Sasa mteja anasimulia, kijana anaandika kwenye simu, na hati ya madai inatoka kwenye printa baada ya dakika kumi. Kwa mtu asiye na uwezo wa kulipa wakili tunaielewa haja hiyo kabisa, na mwanasheria anayeicheka hajawahi kukaa kwenye benchi la masjala asubuhi. Lakini tuliitathmini huduma hii kama huduma nyingine, na kwa hati za mahakama hatuipendekezi. Sheria ya Mawakili inataka hati iwe na jina na anwani ya aliyeiandaa, na inamzuia asiye na sifa kuandaa hati za kisheria kwa malipo. Hati hizi hutoka bila jina la mwandaaji, na pingamizi huanzia hapo.

Kasoro nyingine hurudia zile zile. Hati ya madai haisemi chanzo cha madai kilitokea lini na wapi, wala thamani ya mgogoro inayoipa mahakama mamlaka. Uhakiki mwishoni umebadilishwa na tamko la mtindo wa Uingereza. Kiapo kimejaa hoja za kisheria na maombi, wakati kiapo ni cha mambo anayoyajua muapaji. Hilo limekatazwa tangu uamuzi wa Matovu, wa Uganda, wa mwaka 1966. Sehemu ya kuapia haina mahali, tarehe wala jina la kamishna wa viapo.

Mteja akikufikia na hati kama hiyo ambayo imekwisha kusajiliwa, angalia kwanza siku zilizobaki. Hati ya madai inaweza kuombewa marekebisho, na ni bora maombi hayo yatangulie pingamizi la upande wa pili. Kiapo chenye kasoro kwenye sehemu ya kuapia usipoteze muda kukitetea: omba kuyaondoa maombi kwa ruhusa ya kuyarudisha, kiandikwe kipya, na muapaji asaini mbele ya kamishna kwa mkono wake.